Kabla ya Sahihi Nyingine, Pimeni Wenyewe

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Madini wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uongozi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Lualaba, na waheshimiwa wabunge wetu

Waheshimiwa,

Natanguliza salamu na heshima. Nafundisha kemia katika shule ya sekondari hapa Kolwezi. Sina chama, sina kitalu, sina ndugu katika kampuni yoyote ya Wachina wala ya Wazungu, na kwa mshahara wa mwalimu sidhani kama kuna atakayesema nimehongwa. Naandika kwa Kiswahili ili barua hii aisome pia mama anayeuza bukari, yaani ugali, kwenye kituo cha malori, maana inamhusu kuliko anavyoambiwa.

Neno langu ni moja tu: kupima. Nitaeleza.

Siku moja ya kazi, nendeni kwenye madepo ya upande wa Musompo. Msipige simu kwanza, na msafara uacheni mjini. Mtamwona kijana, mmoja wa wachimbaji wadogo tunaowaita makrezeri, anashusha mifuko ya mawe kutoka kwenye pikipiki. Mtu wa depo anafungua mfuko, anachota konzi ya mawe, anayaponda kidogo, kisha anayaelekezea kifaa chenye umbo la bastola. Huku tunakiita Metorex. Sekunde chache tu na namba inatokea kwenye kioo. Mwenye depo, mara nyingi Mchina, anaitazama namba, anatazama bei kwenye ubao, anatamka. Kijana kioo hakioni. Anaambiwa kobalti ni asilimia mbili, wakati yeye na wenzake walihesabu kwamba mshipa ule una nne au zaidi. Akibisha, aipakie mifuko tena, alipe nauli nyingine mpaka depo la jirani, ambako kuna Metorex nyingine, mali ya mwenye depo mwingine. Mizani nayo ni ya mnunuzi. Mfuko ukiwa umeloa maji, atakayekadiria uzito wa kukatwa ni mnunuzi huyo huyo.

Mimi kama mwalimu wa kemia sina ubaya na kifaa. Kinafanya kazi vizuri kikiwekwa sawa, kama kipimo chochote. Taabu ni kwamba muuzaji hana chake.

Na hivyo ndivyo Kongo inavyouza, waheshimiwa, tofauti ni kwamba nyinyi mnauzia mezani na kwa wino.

Aprili 22, 2008, serikali yetu ilitia sahihi mkataba na makampuni ya Kichina, yakiwemo ya China Railway na Sinohydro. Wao watoe fedha za barabara na hospitali, sisi tutoe shaba na kobalti ya Kolwezi ya kuzilipia. Hapo ikazaliwa Sicomines: asilimia 68 za Wachina, 32 za Gécamines. Zilitajwa dola bilioni 9, yaani 6 za miundombinu na 3 za mgodi. Shirika la Fedha la Kimataifa likaja juu kwa sababu ya deni, na mwaka 2009 fungu la miundombinu likashushwa hadi bilioni 3.

Tuwe wakweli: mwaka ule hapakuwa na foleni ya watu wanaotaka kutujengea barabara. Anayesema tungengoja mwingine aseme pia tungengoja mpaka lini. Na anayedhani Wachina ndio walioleta ugonjwa huu nchini amesahau mambo ya juzi tu. Mwaka 2013, Jopo la Maendeleo ya Afrika lililoongozwa na marehemu Kofi Annan lilichunguza mauzo matano ya migodi yetu ya miaka ya 2010 hadi 2012, likakuta nchi ilipoteza walau dola bilioni 1.36. Mali iliuzwa kwa wastani wa sehemu moja ya sita ya thamani yake sokoni, kwa makampuni yaliyosajiliwa kwenye visiwa vya kukwepea kodi. Mnunuzi hakuwa Mchina. Muuzaji ndiye alikuwa yule yule.

Turudi Sicomines. Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ukiongozwa na Jules Alingete, ulitoa ripoti yake. Katika bilioni 3 za miundombinu, zilizokuwa zimetoka ni dola milioni 822. Upande wa pili, kwa hesabu ya wakaguzi, washirika wetu walikuwa wamekwisha kupata faida ya karibu bilioni 10. Ubalozi wa China ukaikataa ripoti ile, ukisema imejaa upendeleo. IGF ikataka fungu la miundombinu lipandishwe hadi bilioni 20.

Machi 2024 mkasaini nyongeza ya mkataba: bilioni 7.

Siwalaumu kwa kupata 7 badala ya 20. Kwenye mazungumzo mtu hutaja kubwa ili apate ya kati, hata sokoni Manika tunafanya hivyo. Ninachouliza ni hesabu. Ishirini ilitoka wapi, na saba ilitoka wapi? Ni tani ngapi za shaba zilizobaki katika machimbo ya Sicomines ya Dikuluwe na Mashamba Magharibi, nani alizipima, na kwa bei gani zikazaa namba ile? Nyongeza yenyewe imechapishwa, tumeisoma, na kuna mazuri ndani yake ambayo haki inataka yatajwe: Gécamines sasa inaweza kuuza yenyewe sehemu yake ya asilimia 32 ya mazao, kuna mrabaha, yaani malipo yanayokatwa kwenye mauzo ya madini, wa asilimia 1.2, na nchi imepata asilimia 40 katika bwawa la umeme la Busanga, la megawati 240. (Umeme wa mtaani kwetu huja usiku wa manane, watoto wakiwa wamelala. Lakini hiyo ni barua nyingine.) Mgao wa hisa haukuguswa. Na yapo mawili yanayoninyima usingizi.

La kwanza: zile dola milioni 324 za barabara kila mwaka hadi 2040 zinategemea shaba ibaki juu ya dola 8,000 kwa tani. Nani aliyesahau mwisho wa 2008? Katikati ya mwaka ule shaba ilikuwa zaidi ya dola 8,000. Desemba ilikuwa inaelekea 3,000. Hapa Katanga viwanda vidogo vya kuyeyushia vilifungwa kimoja baada ya kingine, na baadhi ya wenye viwanda, Wachina wengi, waliondoka usiku bila kulipa mishahara. Watu walifika kazini asubuhi wakakuta geti lina kufuli. Ndiyo maana kusikia kwamba lami yetu ya miaka kumi na sita imefungwa kwenye bei ya soko la metali la London hakutufurahishi kama kulivyowafurahisha waliopiga picha siku ya kusaini. Bei ikianguka, mgodi utaendelea kuchimba. Barabara ndiyo itakayosimama.

La pili ni msamaha wa kodi. Sheria ya Februari 2014 iliwapa msamaha mpana, na nyongeza ya 2024 imeuacha uendelee hadi 2040. Mara nyingi tunaambiwa msamaha ndio uliovutia mwekezaji. Sawa, alivutwa, akaja, tangu mwisho wa 2015 anazalisha shaba. Anaendelea kuvutwa na nini mpaka 2040?

Darasani niliwahi kuwapa wanafunzi hesabu ifuatayo, na naomba mwifanye nanyi. Lori moja lina tani 30 za shaba safi, zile bamba zilizofungwa kwa mikanda ya chuma ambazo kila mtu wa hapa amezifuata nyuma kwenye vumbi la barabara ya Likasi. Tuseme bei ni dola 9,000 kwa tani. Mzigo ni dola 270,000. Mrabaha wa shaba kwa Kanuni ya Madini ya 2018 ni asilimia 3.5, yaani dola 9,450. Nusu inakwenda serikali kuu, robo jimboni, asilimia 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo, na asilimia 15 kwa serikali ya mtaa panapochimbwa: dola 1,417 na nusu. Lori moja, kampuni moja isiyo na msamaha. Darasa lilichangamka, maana dola 1,417 ni madawati, na shule yetu kuna madarasa ambayo watoto wanakaa watatu watatu. Kisha binti mmoja wa mstari wa nyuma akauliza: "Mwalimu, malori ni mangapi kwa siku?"

Nyinyi mnalo jibu? Simaanishi lile la kwenye ripoti itakayotoka miaka miwili baadaye. Malori yaliyopita jana.

Mtaniambia CEEC, kituo cha serikali cha kuthamini madini, inapima, forodha inapima, kuna fomu na mihuri. Najua. Lakini shaba safi haina utata mkubwa, ni asilimia 99.99 na mtu akihesabu bamba amemaliza. Kobalti haitoki hivyo. Inatoka kama hidroksidi, unga wenye unyevu ndani ya mifuko mikubwa, theluthi moja hivi ni kobalti na iliyobaki ni maji na vitu vingine. Asilimia ya kobalti na asilimia ya unyevu, ukikosea kidogo katika moja, umekosea kwa kila mfuko, kila lori, mwaka mzima. Mrabaha wa kobalti ni asilimia 10 tangu itangazwe kuwa madini ya kimkakati Desemba 2018. Katika mnyororo huo wote, kipimo kinachoaminiwa na soko kinafanywa na nani? Mara nyingi ni maabara ya muuzaji mwenyewe, kisha ya mnunuzi wake huko China, ambaye wakati mwingine ni ndugu wa kampuni moja.

Kesi ya Tenke Fungurume ilipaswa kutufundisha hilo. CMOC ya China iliwanunulia Wamarekani wa Freeport-McMoRan hisa zao asilimia 56 mwaka 2016 kwa dola bilioni 2.65. Gécamines, yenye asilimia 20, ikaja kudai kwamba akiba ya madini iliyotangazwa ni ndogo kuliko iliyopo, na kwa hiyo nchi ilipunjwa. CMOC ikakana. Mahakama ikaweka msimamizi, Julai 2022 mauzo ya nje yakasimamishwa, na Aprili 2023 wakapatana: dola milioni 800 kwa miaka sita, na walau bilioni 1.2 za gawio katika uhai wa mgodi. Nilifurahi, sifichi. Ila jiulizeni: mali iliyoko chini ya miguu yetu, tangu enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, na mwaka 2022 tunabishana na mgeni ni kiasi gani! Kama Gécamines ilikuwa na kipimo chake chenye uhakika, kwa nini iliridhika na milioni 800? Kama haikuwa nacho, ilijuaje kwamba imepunjwa? Sijasikia mtu akilijibu hilo hadharani.

Jirani zetu Watanzania walipita njia hii. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia makinikia, yaani mchanga wa madini, kutoka nje. Kontena 277 zikiwa bandarini Dar es Salaam, kamati ya Profesa Mruma ilipima na kusema dhahabu iliyomo ni nyingi mno kuliko iliyotangazwa. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi, ikakana. Ikaletwa bili ya kodi ya dola bilioni 190. Mwisho wake ulikuwa dola milioni 300, asilimia 16 ya hisa za migodi na kampuni ya pamoja ya Twiga. Wengine huko wanaona walishinda, wengine wanacheka tofauti ya bilioni 190 na milioni 300. Mimi nachukua somo dogo: kontena likishafika bandarini umechelewa, kila upande una namba yake na hakuna wa kuamua. Pima mgodini, kila siku, mbele ya mashahidi.

Na mkitaka mnaweza. Februari 2025 mlisimamisha kobalti yote isitoke, na Oktoba mkaweka viwango: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka, kisha 96,600 kila mwaka kwa 2026 na 2027. Nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia ilifunga bomba, na bei ikapanda zaidi ya maradufu. Kelele zilikuwa nyingi, lakini hakuna aliyefungasha virago. Kwa hiyo ile hofu tuliyolishwa, kwamba tukikaza kidogo wawekezaji watakimbia, naomba msitulishe tena. Ila viwango navyo ni kipimo. Anayehesabu hizo tani 96,600 ni nani, na daftari lake liko wapi?

Maji nayo sitayaacha, maana ni somo langu. Februari 18, 2025, bwawa la taka la kampuni ya Kichina ya Sino-Metals lilipasuka upande wa Zambia, asidi ikaingia mto Kafue. Novemba mwaka huo huo maji ya kampuni ya CDM yalitapakaa katika mitaa ya Lubumbashi, na wizara ikasimamisha kazi zake. Kusimamisha ni vema. Lakini mvua za Novemba si ngeni Katanga, na wanafunzi wangu wana karatasi za litmasi zinazoweza kuwaambia maji ya mto yamebadilika kabla samaki hawajaanza kuelea. Ikiwa shule isiyo na vioo vya madirisha inaweza kupima asidi, jimbo lenye migodi mikubwa namna hii linashindwa nini kuweka kipimo kimoja kila wiki kwenye kila mto unaopita chini ya kiwanda, na kubandika matokeo?

Sasa upepo umegeuka. Desemba 4, 2025 mlisaini Washington ushirikiano wa kimkakati na Wamarekani. Reli ya Lobito, inayofika baharini kupitia Angola, inapewa fedha kwa upande wa magharibi, na TAZARA Wachina wanaifufua kwa upande wa mashariki. Mitandaoni vijana wamegawanyika, huyu Beijing, yule Washington, kama mashabiki wa Mazembe na Lupopo. Mimi sina timu. Ninachokiona ni kwamba makubaliano ya Julai 2025 na KoBold Metals ya Marekani yanagusa hata kumbukumbu za jiolojia ya nchi yetu, zile zilizohifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, ziwekwe katika mfumo wa kidijitali. Hapo mwili ulinisisimka. Zile karatasi zilichorwa na Wabelgiji wakitembea juu ya mashamba ya babu zetu, babu zetu wakiwabebea mizigo. Zinaonyesha kilichoko chini. Atakayezisoma kwanza ndiye atakayejua aombe kitalu kipi, na nyinyi mtakuwa mnauza msichokijua kwa mtu anayekijua, kama mwaka 2008. Huduma ya Taifa ya Jiolojia ipo. Ipeni fedha, wapeleke vijana wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi Tervuren wakakae huko mpaka wamalize, nakala ya kwanza iwe yetu, na kampuni yoyote, ya rangi yoyote, isome baada yetu.

Gavana wetu, lako ni jepesi zaidi. Manispaa za Dilala na Manika, na wenzetu wa Fungurume, wana haki ya ile asilimia 15. Makampuni yana wajibu wa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Katika mtaa wa Kasulo hapa Kolwezi watu walihamishwa mwaka 2017 ili kampuni ya Kichina izungushe ukuta, baada ya wenye nyumba kuanza kuchimba kobalti ndani ya vyumba vyao tangu 2014. Ukimuuliza mtu aliyehama leo ni shule gani imejengwa kwa mrabaha wa mawe yaliyokuwa chini ya jikoni lake, hana pa kukuonyesha. Huenda ipo. Basi ibandikwe ukutani: mwezi huu yamepita malori haya, uzito huu, mrabaha huu, umeingia akaunti hii, umenunua hiki. Karatasi moja kwenye ukuta wa manispaa, kwa Kiswahili. Gundi tutachanga.

Kwa Gécamines: mna haki ya kuuza asilimia 32 ya mazao ya Sicomines. Tumieni nafasi hiyo kuweka wapimaji wenu pale, wa zamu zote, wenye maabara isiyolipwa na mshirika. Wazee wenu waliopunguzwa kazini mwaka 2003 wengine bado wako hai hapa Kolwezi, wanajua kupima mwamba kwa macho kabla ya mashine kuthibitisha. Wapeni vijana wa kuwafundisha.

Nanyi waheshimiwa wabunge: kabla milioni 324 za mwaka ujao hazijatumwa popote, ombeni orodha ya zilizokwisha kutumika, barabara kwa barabara, kilomita kwa kilomita, na bei ya kila kilomita ikilinganishwa na ya mkandarasi mwingine. Fedha za kwanza zilijenga upya Boulevard du 30 Juin kule Kinshasa, na ni nzuri, nimeiona kwenye picha. Shimo liko kwetu. Kikao cha bajeti hufunguliwa Septemba 15. Waziri akisimama, kabla hajaanza hotuba, muulizeni swali la yule binti wa mstari wa nyuma, na msikae chini mpaka ataje namba.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa kemia, Kolwezi